Jibu: Baada ya ufunguzi wa sataranji (chess) nafanya nini? Wasome askari kwanza

Mkuu, umesema kete zako zinatoka vizuri, mfalme unamficha, halafu kwenye hatua ya 11 hivi unakwama. Kukariri ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, zaidi hakutakusaidia. Hujawasoma askari, au vitunda kama wengine wanavyowaita. Farasi akipotea njia atarudi. Askari akishasogea ndiyo basi, kwa hiyo mpango utoe kwao.

Shika mpangilio mmoja uujue mpaka ndani. Mimi napendekeza unaoitwa Carlsbad (herufi ni safu wima ya ubao, namba ni mstari, na Mweupe ndiye anayeanza kila jozi ya hatua): d4 d5, c4 e6, farasi c3, farasi f6, Mweupe anakula d5, Mweusi anarudisha kwa askari wa e. Baadaye e3 na c6. Sasa ondoa kete zote kichwani, baki na askari. Mweupe: a2, b2, d4, e3, f2, g2, h2. Mweusi: a7, b7, c6, d5, f7, g7, h7. Saba kwa saba. Upande wa malkia Mweupe ana wawili dhidi ya watatu, na huko huko ndiko anakoshambulia! Wengi hawaamini hapa, lakini lengo si kuwazidi idadi, ni kumwacha mmoja bila mlinzi.

Ukiwa Mweupe, peleka ngome b1, sukuma askari b4, kisha b5, halafu unakula c6. Mweusi akirudisha kwa askari wa b, yule wa c6 hana tena jirani wa kumlinda, na akisogea c5 ukamla, d5 anabaki mpweke, bila askari mwenzake kwenye safu za jirani. Peleka ngome c1, farasi a4 akiitazama c5, umkabe hapo hapo. Na kama Mweusi angekula b5 mwenyewe, d5 angekuwa mpweke mapema zaidi.

Wengi wanaharibu kwa haraka. Wanasukuma b4 kabla ngome haijafika b1, wakati askofu wa e7 anaiona b4 moja kwa moja. Askari anaondoka bure. Mweusi akicheza a5, tanguliza a3, ili akila b4 urudishe kwa askari. Kosa jingine ni kusahau kwamba safu ya e ni ya Mweusi: farasi anatua e4, ngome inapanda e6 na kuhamia g6 au h6, na mfalme wako yuko kule. Askofu wa d3 asiache kuilinda e4.

Ukiwa Mweusi usikae kusubiri Mweupe afike b5. Sukuma askari wako b5 wewe mwenyewe, ila farasi wako awe karibu kufika c4, kwa sababu akikaa pale anamkinga c6 dhidi ya ngome iliyo safu ya c. Akichelewa, Mweupe anapiga a4 na ukuta wako unabomoka.

Mazoezi: panga askari hao 14, wafalme wawili, ngome moja kila upande. Cheza Mweupe mara tano, Mweusi mara tano, na kila mchezo uandike ni hatua ya ngapi c6 alipobaki peke yake.