Ukipiga 114, anza na mahali

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni mama lishe wa Igawilo, Mbeya. Mwezi uliopita jiko la jirani yangu lilishika moto usiku, nikapiga 114. Aliyepokea akaanza: mkoa gani, mtaa gani, kinaungua nini, kuna mtu ndani? Nikaona ananipotezea muda. Nikamwambia "njooni tunaungua!" nikakata. Bahati nzuri vijana waliuzima kwa mchanga. Maswali yote yale ni ya nini, na siku nyingine niseme nini?

JIBU: Marahaba mama, na poleni sana.

Nianze na hilo la kupotezewa muda, maana nalisikia kila siku. Anayeongea nawe kwenye simu siye anayeendesha gari. Ukishataja mahali na kinachoungua, wengine wanajiandaa huku yeye akiendelea kukuuliza. Jibu lako la "kuna mtoto ndani" linaweza kuwafikia wakiwa tayari njiani. Ulichokifanya, mama yangu, ni kutuambia mnaungua bila kutuambia ni wapi.

Mahali ndipo penye kazi yote. Anza na mkoa na mji, hata kama unaona ni swali la kitoto. Usidhani aliyepokea yuko hapo Uyole. Majengo iko karibu kila mji wa nchi hii, na Soweto iko Mbeya na Moshi pia. Ukimaliza mji, taja barabara kubwa, umetokea wapi unaelekea wapi, kisha upande. Mwisho taja kitu ambacho mgeni atakiona gizani. "Kwa mama fulani" anapajua jirani tu. Geti jekundu usiku ni jeusi kama mengine. Msikiti, shule, kituo cha mafuta au mnara wa simu wenye taa, hivyo vinaonekana.

Simu yako ingekuwa hivi: "Mbeya mjini, Igawilo. Mkitoka Uyole kwenda Tukuyu, mkishapita shule, njia ya vumbi ya kwanza kushoto, nyumba ya nne. Jiko la gesi limewaka, moto umepanda darini. Watoto wawili hatujawaona. Namba yangu ni hii." Isome kwa sauti uone: haifiki hata dakika moja. Halafu usikate. Subiri aliyepokea akuruhusu, na baada ya hapo usiitumie hiyo simu kuwaarifu ndugu wa Kyela, maana tunaweza kukupigia.

Kama nyumba imepata kibao cha anwani ya makazi, andika namba yake na jina la mtaa kwenye karatasi, ubandike karibu na mita ya umeme. Mtu akipaniki husahau hata jina la mtaa aliozaliwa. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu.

Barabara kuu ni habari nyingine. Mtu anapiga simu, "ajali Kitonga!" Kitonga ni mlima mzima. Gari liko upande wa Ruaha Mbuyuni au limeshakaribia Ilula? Lilikuwa linapanda au linashuka? Tafuta kibao cha kilomita kilicho karibu, usome namba iliyoandikwa. Ukungu ukiwa mzito, muulize utingo wa lori lolote lililosimama. Hao wanazijua kona zote kwa majina. Na ikiwa lililopinduka ni lori la mafuta, neno hilo litangulie hata idadi ya majeruhi, halafu uondoke hapo na watu wako. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sababu walikusanyika kwenye lori la mafuta lililoanguka.

Namba zenyewe ni chache. Moto na uokoaji ni 114. Polisi ni 112. Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga aliyezidiwa ni 115, ya mfumo wa m-mama. Wao wakikosa gari la wagonjwa hutafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa. Zote hazihitaji salio, kwa hiyo usianze kuhangaika na vocha.

Kuna jambo la huku kwetu kwenye baridi ambalo hukuliuliza. Juni na Julai watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanalala. Ukimkuta mtu hivyo na haamki, fungua mlango na madirisha, mtoe nje, kisha ukipiga simu utaje jiko. Ukisema tu "amezimia", wanaokuja watafikiria presha, sukari au kifafa, wakati shida ni hewa ya mkaa.

Tukirudi Igawilo. Baada ya simu kuna kazi mbili. Mmoja azime umeme kwenye meinswichi kama panafikika bila kupita motoni, na asirudi ndani kufuata begi la vyeti. Mwingine, bora awe wa bodaboda, aende njia panda ya lami, awashe taa na akae hapohapo. Huyu tunamhitaji kuliko kumi wanaomwaga ndoo, lakini mara nyingi akisikia kelele anaacha njia panda na kurudi kutazama moto, nasi tunapita moja kwa moja kuelekea Tukuyu.

Na ule mlioufukia kwa mchanga, mlipiga tena kutuambia umezimika? Ukizima mwenyewe, piga useme hivyo, ila usikatae tukisema tunakuja kukagua. Kaa likibaki kwenye mbao za dari hujui litaamka saa ngapi.