Umeanzishwa dawa za kifafa? Mwezi wa kwanza ulivyonitoa jasho

Mi ni fundi cherehani, na nimejua nina kifafa nikiwa na miaka 27, baada ya kuanguka mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara ya kwanza watu waliniingiza kijiko mdomoni, nimezinduka jino limemeguka na ulimi umechanika. Hayo ya kutafuta "nani kakuroga" nayaruka, kila familia ina yake.

Nilipewa kabamazepini. Daktari akaanza na nusu kidonge cha miligramu 200 asubuhi na nusu usiku, baada ya wiki mbili kizima kizima. Mi nikajua ananibania dawa, kumbe zinapandishwa polepole ili mwili uzoee. Na hata hivyo zilinipiga! Usingizi wa mchana, kizunguzungu nikisimama ghafla, na kuna siku nilipandisha kuwa kizima nikakaa kutunga uzi naona sindano ina matundu mawili, nachomeka kwenye lile la uongo tu mpaka nikacheka mwenyewe. Ikaisha baada ya siku kama tano hivi. Kwa hiyo usiache dawa kwa ajili ya hayo, rudi useme, dozi inarekebishika. Ila ukitokwa na vipele mwilini, na hasa kama kuna homa au vidonda mdomoni, hiyo sio ya kusubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Muda sasa. Bahasha imeandikwa 1x2, yaani kimoja mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nikaseti alamu kwenye simu, saa mbili si 2:00? Ikanilia saa nane usiku nyumba nzima ikaamka, mama anauliza kuna nini, nami nimekaa kitandani naishangaa simu. Seti 8:00 ndugu yangu.

Kitu ambacho nilikokuwa natibiwa hakuna aliyeniambia ni kwamba hii dawa inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti. Mi nilikuwa na kijiti! Nimekuja kuambiwa na nesi wa uzazi wa mpango kwa bahati tu, nilienda kwa shida nyingine kabisa. Kwa hiyo wadada ulizeni siku ya kwanza, msione aibu. Na ukiandikiwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ndo uulize zaidi maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini hata ukijikuta na mimba usikate dawa kimya kimya, kimbilia kliniki. Hata duka la dawa ukienda na kikohozi sema kabisa unatumia nini, eritromaisini kwa mfano, ile dawa ya kuua bakteria, inaifanya kabamazepini izidi mwilini. Na Ramadhani niliongea na daktari kwanza, ndo akanipangia daku na futari.

Sasa kosa langu kubwa. Wiki ya saba dawa ziliisha siku ya Ijumaa, nikasema aah, mbona sijaanguka tangu nianze, nitanunua Jumatatu. Jumatatu ikawa Alhamisi. Sikuwa nimeelewa kwamba sianguki kwa sababu nakunywa, na kwamba kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege kali kuliko la mwanzo. Hata waliokaa miaka miwili bila kuanguka, daktari ndo anawapunguzia kidogokidogo. Siku hizi naenda kununua zikibaki za wiki moja.

Alhamisi hiyo nilianguka kazini, mkasi mkononi. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimemwambia shoga yangu tunayekaa naye cherehani kwa cherehani, wengine sikuwaambia, kuna wanaoamini mate ya mwenye kifafa yanaambukiza, uongo mtupu. Akanitoa mkasi, akasukuma meza, akaniweka kanga chini ya kichwa, mdomoni hakutia kitu wala hakunibana mikono, akawa anaangalia saa maana nilimwambia ikipita dakika tano aite usafiri wa hospitali. Ilikuwa dakika mbili na kitu. Ilipoacha akanilaza ubavu.

Mpaka leo ikifika saa mbili usiku meseji yake inaingia, neno moja tu: umekunywa? Kuna siku inanikera kweli, ila namjibu.