Maswali na Majibu: Viuavijasumu Kutoka Baharini

Nina kidonda sugu mguuni. Je, nikikiloweka katika maji ya bahari, vijidudu vitakufa?

Usithubutu. Katika maji ya bahari yenye joto huishi Vibrio vulnificus, bakteria ambaye akipenya kwenye jeraha, hasa la mtu mwenye ugonjwa wa ini, anaweza kuozesha nyama na kuua kwa siku chache tu. Swali hili hunifikia kila mara, na jibu ni lile lile.

Kuna kiuavijasumu (antibiotiki) chochote cha hospitalini ambacho asili yake ni baharini?

Kipo, nacho ni kundi la dawa ziitwazo sefalosporini, na huenda umekwisha kuzitumia. Mwaka 1945, huko Cagliari katika kisiwa cha Sardinia, Giuseppe Brotzu alitaka kujua kwa nini maji ya bahari mahali yalipomwagwa majitaka ya mji yalionekana kujisafisha yenyewe. Aliyachota, akaotesha kuvu aliyemkuta humo, na akaona kwamba kuvu huyo alizuia bakteria kadhaa, wakiwemo wa homa ya matumbo. Sampuli ilifika Oxford, ambako Edward Abraham na Guy Newton walitenga sefalosporini C, na dawa ya kwanza ya kundi hilo ikaingia sokoni mwaka 1964. Hapa naomba wauzaji wa chupa zilizoandikwa “asili tupu” wasikilize: molekuli aliyoitengeneza kuvu ilikuwa dhaifu mno kumtibu mtu, hivyo wanakemia waliondoa kipande chake kimoja na kuweka kingine. Kati ya kuchota maji na kumdunga mgonjwa sindano ilipita karibu miaka 20, na miaka hiyo haikupotea bure, kwa kuwa kuua bakteria katika kisahani cha maabara ni jambo jepesi. Hata jiki huwaua. Kazi ngumu ni kumuua bakteria na kumwacha mgonjwa hai.

Nasikia papa hawaugui. Je, mafuta ya ini lake ni kinga?

Papa huugua, na hata saratani huwapata. Uvumi huu umejengwa juu ya kweli moja ndogo: mwaka 1993 Michael Zasloff na wenzake walitangaza skwalamini, kemikali waliyoipata katika tishu za papa mdogo aitwaye Squalus acanthias, ambayo hutoboa utando wa nje wa bakteria. Mafuta ya ini yanayouzwa yana skwalini kwa wingi, ambayo ni kitu kingine kabisa, na kuyanywa hakukupi skwalamini ya kutibu chochote.

Kwa nini sifongo anasifiwa kuliko viumbe wengine wa bahari?

Kwa sababu hawezi kukimbia wala kuuma, na kutwa kucha huchuja maji yaliyojaa vijidudu, kwa hiyo silaha yake ni kemikali. Hata hivyo sifa nyingi anazopewa si zake, kwani katika baadhi ya sifongo bakteria hufikia theluthi moja ya uzito wa mwili, na mara nyingi wao ndio waundaji wa kemikali hizo. Mfano wa karibu umetoka kwa mnyama mwingine mchujaji, Ecteinascidia turbinata, mlaini mithili ya ute, ambaye hujishikiza kwenye mizizi ya mikoko. Ndani ya mnyama huyo aliyechukuliwa Florida, watafiti walipata bakteria wa jenasi ya Micromonospora, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba bakteria huyo hutengeneza tabinmisini, ambayo ilidhibiti katika panya kuvu Candida auris, maarufu kwa usugu wake dhidi ya dawa. Nimesema panya. Aidha, kipande kidogo kinatosha kuanzishia utafiti, kwa hiyo anayekwangua miamba ili asage sifongo wa kuuza anaharibu bahari na hamponyi mtu.

Na mwani je, unaua bakteria?

Baadhi ya aina, ndiyo, lakini ulio bora kwa maoni yangu hauui. Mwani mwekundu Delisea pulchra, wa pwani ya Australia, hutoa kemikali ziitwazo furanoni, zinazovuruga ishara za kikemikali ambazo bakteria hutumia kuwasiliana, wakashindwa kujikusanya juu ya majani yake. Kwa kuwa bakteria hauawi, inatarajiwa kwamba msukumo wa kujenga usugu utakuwa mdogo, ingawa furanoni hizo za asili ni sumu mno kuwa dawa ya binadamu.

Nitajie dawa ya asili ya baharini niitumie badala ya antibiotiki niliyoandikiwa.

Hakuna. Maliza dozi yako kama ulivyoelekezwa.

Vitu vya asili havileti usugu, sivyo?

Sivyo. Leo wapo bakteria wengi wenye vimeng'enya vinavyozivunja sefalosporini, na waliongezeka kadiri watu walivyozitumia ovyo, hata kwa mafua, ambayo ni ya virusi.

Nina mzio wa penisilini. Je, sefalosporini zinanifaa kwa kuwa zilitoka baharini?

Zilikotoka hakuhusiani na mzio. Kiini cha molekuli zake kinashabihiana na cha penisilini, na ingawa wengi wenye mzio kama wako huzivumilia, wachache hupata madhara makubwa. Mweleze daktari ni dalili gani zilizokupata, upele au kushindwa kupumua, kabla hajaandika chochote.