Kula safi au kula kila kitu kwa kiasi? Hesabu kwanza kilo ya sukari inakaa siku ngapi

Mtu mmoja ameacha ugali, chapati, mafuta ya kupikia, sukari na chumvi ya dukani. Anakula viazi vitamu vya kuchemsha, parachichi, karanga na asali, na anaita hivyo kula safi. Jirani yake anasema yeye hana masharti, anakula kila kitu ila kwa kiasi. Ukiingia jikoni kwa wote wawili ukiwa na mizani na kikombe cha kupimia, mara nyingi utakuta kosa lao ni lile lile. Hakuna anayejua kiasi chake. Wa kwanza anaangalia jina la chakula, wa pili haangalii kitu.

Msimamo wetu ni huu: kwa familia nyingi, kula kila kitu kwa kiasi ndiyo njia inayodumu, kwa sababu inaruhusu ukae sinia moja na wenzako. Lakini "kiasi" kisichokuwa na namba ni neno tu la kujiliwaza. Na namba hiyo si lazima ihesabiwe sahani kwa sahani. Ipo dukani, kwenye vitu vinne unavyonunua kila wiki.

Anza na sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni gramu 50, au bora zaidi gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa juu. Sasa ipeleke hesabu hiyo kwenye mfuko. Kilo moja katika nyumba ya watu wanne, kila mmoja akitumia gramu 25, inakaa siku 10. Ikiisha siku ya tano, kila mtu amefika gramu 50, na hapo hatujagusa soda, biskuti wala keki za nje. Soda moja ya mililita 350 peke yake inabeba gramu 35 hivi. Kwa hiyo andika tarehe kwa kalamu juu ya mfuko siku unapoufungua. Usimwambie mtu apunguze. Subiri mfuko uishe, kisha mkae pamoja muangalie tarehe.

Mafuta yanahitaji hesabu hiyo hiyo, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapoteleza bila kujua. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Tunashauri vijiko viwili kwa mtu mzima kwa siku, kwa mapishi yote kuanzia maandazi hadi mchuzi. Watu wanne wakifuata hilo, lita moja inakaa siku 8. Lita hiyo ikiisha kwa siku 4, kila mtu amekula kalori 500 hivi za mafuta matupu kila siku. Sababu kubwa ni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa au dumu. Mkono hauna alama. Weka kijiko kimoja cha chakula kando ya jiko kiwe cha mafuta tu: vijiko viwili vinatosha sufuria ya mchicha ya watu wanne, vitatu vinatosha mchuzi wa maharage. Kitunguu kikianza kushika, ongeza maji vijiko viwili, usiongeze mafuta.

Chumvi: gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha kwenye mkate, soseji na vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi. Pakiti ya nusu kilo kwa watu wazima wanne isiishe kabla ya siku 25. Ukitumia kidonge cha mchuzi, usitie chumvi mpaka uonje.

Cha nne ni unga. Kilo moja ya unga mkavu ina kalori 3,600 hivi. Nyumba ikisonga kilo nzima kwa watu wanne, kila mtu amekula kalori 900 za ugali kabla ya kugusa mboga. Kwa anayekaa ofisini au kwenye gari siku nzima, gramu 100 za unga mkavu kwa mlo zinatosha, na zikisongwa zinatoa donge la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Anayelima au kubeba mizigo anahitaji zaidi, hata mara mbili, na si haki kumpimia sawa na mtu wa kompyuta. Hapo hapo pima na chapati: kilo ya ngano ikitoa chapati 12, kila moja ina kalori 300 za unga, na mafuta ya kukandia na kuchomea yanaongeza 80 au zaidi. Chapati moja, basi, inachukua nafasi ya ngumi nzima ya ugali. Ile pembeni ya wali haihesabiki kama kionjo.

Sasa, wanaokula safi wana hoja moja nzito ambayo wapenda kiasi hawapaswi kuipuuza. Vyakula vya kiwandani vilivyosindikwa kupita kiasi hula kiasi chako bila wewe kujua. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha jaribio la watu 20 waliokaa kituoni wiki nne. Wiki mbili walipewa chakula kilichosindikwa sana, wiki mbili chakula cha kupikwa kisichosindikwa sana. Walichowekewa mezani kilikuwa na kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zinazolingana, na wakaambiwa wale watakavyo. Kwenye chakula cha kiwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku, na wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Kwa hiyo kusema "nitakula soseji, krispi na biskuti kwa kiasi" ni kujipa kazi ngumu kuliko kusema hivyo kwa ugali na maharage. Hivi vya pakiti visikae kabatini. Ukivitamani, toka, nunua kimoja, ukile, kiishe. Na soda pia: kreti ya soda ndani ya nyumba hainywewi kwa kiasi na mtu yeyote.

Lakini kula safi kunakosea mahali pengine, na baadhi ya makosa hayo yanaumiza kuliko chapati.

La kwanza ni kuacha chumvi yenye madini joto na kuhamia chumvi ya mawe au ya waridi ya bei kubwa kwa kuwa "ni ya asili". Madini joto huongezwa kuzuia tezi la shingo na kulinda ubongo wa mtoto aliye tumboni. Chumvi ya asili mara nyingi haina ya kutosha. Punguza kiasi cha chumvi, usibadili aina. Unga nao uko hivyo hivyo. Kanuni za Tanzania za 2011, na za Kenya za 2012, zilileta uongezaji wa virutubisho kama madini chuma na foliki asidi kwenye unga wa viwandani, na vitamini A kwenye mafuta. Mwanamke anayetarajia kupata mimba akiacha unga huo wote bila kutumia vidonge vya foliki asidi, anapoteza kinga dhidi ya kasoro za uti wa mgongo wa mtoto, ambazo hutokea wiki za mwanzo kabisa, wengi wakiwa hawajajua kama ni wajawazito.

La pili ni kuchemsha mboga za majani bila tone la mafuta. Rangi ya mchicha, matembele na karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Kijiko cha chai kwa mtu kinatosha, au karanga kidogo za kusaga. Magadi ndiyo ya kuacha, kwa kuwa yanalainisha mboga na maharage huku yakiharibu vitamini B1 na C. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu dakika 10 za mwanzo kisha punguza moto; yataiva bila magadi. Kamulia ndimu mwishoni, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua madini chuma ya maharage na majani. Chai isogezwe hadi saa moja baada ya mlo, kwa sababu inazuia madini hayo hayo.

Asali na juisi ya matunda, hata ile uliyokamua mwenyewe, Shirika la Afya Duniani huzihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa. Kula chungwa zima. Na karanga, ambazo kila mla safi huzipenda: gramu 30, yaani kiganja kimoja, zina kalori 170. Kikombe cha chai kilichojaa kinafika 800. Chakula safi kinanenepesha vizuri kabisa kikizidi.

Suala la dona tulitendee haki, kwa sababu hapa neno "safi" linachanganya watu. Dona ni bora kuliko sembe kwa virutubisho: halijakobolewa, pumba na kiini vimebaki, na pamoja navyo nyuzinyuzi, madini ya zinki na vitamini za kundi B. Lakini pumba na kiini ndivyo hubeba sehemu kubwa ya sumukuvu mahindi yakishambuliwa na ukungu, na kukoboa hupunguza sumu hiyo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mwaka 2016 maradhi hayo yalipiga Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo ukitaka dona, nunua mahindi, si unga usiojua ulikotoka. Yachambue juani kwenye ungo: toa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye rangi ya kijani, kijivu au nyeusi, na zile nyepesi zilizonyauka. Kupima ukavu, chukua chupa kavu ya glasi yenye kifuniko, tia punje zifike robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu kabisa, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Yarudishe juani juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Saga ya wiki mbili au tatu tu, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha na unga huanza kuwa mchungu. Kama huna nafasi ya kufanya yote haya, kula sembe lililoongezwa virutubisho na utafute nyuzinyuzi kwenye maharage, kunde na majani. Hilo si kushindwa.

Kwenye sahani, nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo wanga, robo maharage, samaki, dagaa, mayai au nyama. Majani ya nusu sahani ni mengi kuliko watu wanavyodhani: fungu la mchicha hunywea likiiva, hivyo kwa watu wanne pika mafungu matatu au manne ya sokoni.

Kwenye shughuli, yaani harusi, hitima, sikukuu, anayekula safi hukataa pilau, akakaa na njaa, akarudi usiku kumaliza sufuria. Au huonja kijiko, akaona ameshaharibu, akala sahani tatu akiahidi Jumatatu. Masharti makali ndiyo huzaa hali hiyo. Usiende ukiwa na njaa ya kutwa. Anza na kachumbari na nyama, kisha pilau sahani moja iliyosawazika, si mlima, na maji badala ya soda ya pili. Kesho yake rudi kwenye mlo wako wa kawaida, usifunge kujiadhibu. Na ukiona mtu anaogopa kula kwa wakwe, anakonda, mazungumzo yake yote ni chakula kipi ni kichafu, huyo anahitaji msaada. Daktari Steven Bratman wa Marekani aliipa hali hiyo jina la orthorexia mwaka 1997, na dawa yake si masharti mapya ya chakula.

Kushusha sukari ya chai kunataka subira. Kutoka vijiko vitatu, shuka nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, shuka tena. Tangawizi, iliki na mdalasini zikichemka na majani dakika tano hufanya chai isionekane tupu. Ukishuka ghafla hadi sifuri, siku ya nne utarudia vitatu.

Yapo ambayo kiasi hakiyahusu. Mahindi na karanga zenye ukungu: tupa, hata kuku usiwape. Pombe katika ujauzito: hapana kabisa. Asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja: hapana, kwa hatari ya sumu ya botulini. Sukari kwenye uji wa mtoto chini ya miaka miwili haina kazi. Mwenye mzio wa karanga au samaki hana kiasi chake.

Mwenye kisukari anaweza kula ugali, chapati, hata wali, ila kwa kupima kweli. Kama ana mashine nyumbani, apime sukari kabla ya kula na baada ya saa mbili, akiandika alikula ngumi ngapi na mboga gani. Arudie mlo ule ule siku nyingine akiwa na nusu ya wanga na majani maradufu, alinganishe. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu asipunguze wanga ghafla kabla hajazungumza na kliniki yake, kwa sababu dozi ile ile juu ya ugali mdogo inaweza kumwangusha. Aende na daftari lake la vipimo.