Jirani wa shedi na karatasi: maswali ya mafundi

Wiki hii maswali karibu yote yametoka kwa watu wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, nimechagua manne.

"Nimepata oda ya masanduku 200 ya wanafunzi, peke yangu siwezi, nataka kumpa jirani nusu. Tumefanya kazi miaka 8, nikimletea karatasi asaini si ataona simwamini?"

Ataona hivyo ukimletea kurasa sita za wakili, hata mimi ningenuna. Lakini mkikaa wawili kwa benchi mkaandika kwa daftari masanduku mangapi, bati geji gani, nani ananunua bati, bei ya moja, dipoziti na siku ya kumaliza, hapo hakuna wa kukasirika. Ugomvi mwingi nimeona ukianza na watu waaminifu kabisa, shida ni kila mmoja anakumbuka bei yake. Na usitake kuandika kila kitu, bei ya bati ikipanda katikati ya kazi mtaongea tu vile mmekuwa mkiongea.

"Mteja wa nje ya mtaa tulikubaliana kwa mdomo, mzigo amechukua, sasa 85,000 yangu hataki kulipa. Nina kesi?"

Unayo. Makubaliano ya mdomo sheria ya Kenya inayatambua, kazi ni kuthibitisha, kwa hivyo kusanya meseji za M-Pesa za dipoziti, WhatsApp, picha za mzigo ukipakiwa, na yeyote aliyewasikia mkipatana. Peleka Mahakama ya Madai Madogo, ilianza Milimani 2021, inachukua madai hadi milioni 1, kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60 na si lazima uwe na wakili. Ila kama kuna mtu alikwambia "asipolipa nitalipa mimi" na hakuandika, huyo msahau, dhamana ya deni la mwingine lazima iwe kwa maandishi. Siku nyingine mtu wa mbali aanze na karatasi, chai baadaye. Jirani akikudhulumu asubuhi, jioni anayemkopesha bati ameshasikia, lakini huyo wa mbali mtaani kwetu hana jina la kuharibika.

"Nilimpa mwenzangu kazi ya kunisaidia kutengeneza jiko nililobuni, sasa analiuza kama lake."

Pole, hii ndiyo ngumu. Muundo unaweza kusajiliwa KIPI, ile ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi na miundo, kinga ni miaka 5 na unaweza kuiongeza mara mbili, kila mara miaka 5, lakini ufanye hivyo kabla ya kulianika barabarani. Kwa ukweli pale kila mtu anaiga, wewe pia uliiga mahali. Mafundi wajanja hugawa kazi, huyu anakata, yule anakunja, kuunganisha wanabaki nayo wenyewe.

"Tuko watano, tunataka kununua mashine ya kukunja bati. Tuandikishe kampuni?"

Kwanza mwandikiane nyinyi wenyewe: nani ametoa ngapi, zamu zinaendaje, ikiharibika mkononi mwa mmoja nani analipa, na mtu akitaka kutoka anarudishiwa nini. Mkishindwa kukubaliana hapo, kampuni haitawasaidia. Muandike pia nani anakaa na ufunguo, mimi nimeona mashine ikilala wiki mbili, oda zinangoja, kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa ameenda matanga ushago na simu imezima.