Suali: mwanga unapitaje kwenye nyama, na mbona hauchukui nafasi ya eksirei?

Kaniandikia kijana anayesoma udaktari mwaka wa tatu hapa Unguja, kwao Wete. Suali lake nalifupisha: "Assalaam alaykum injinia. Nimeona vyuo vya udaktari vya nje vina maabara nzima za kupiga picha za mwili kwa mwanga tu, si eksirei wala MRI. Nyama si kioo, mwanga unapitaje? Na kama unapita, mbona hospitali hatuoni mashine ya mwanga inayopiga picha ya figo au ini? Na mtu akitaka kuingia kwenye fani hii huku kwetu aanzie wapi?"

Waalaykum salaam mdogo wangu. Suali zuri mno hili na nimelipenda kwa sababu umeuliza palepale penye tabu, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo, vumilia.

Usiku zima taa za chumbani, washa tochi ya simu uizibe kwa kidole. Kidole chote kitawaka wekundu. Sasa angalia vizuri, mfupa unauona? Huuoni. Mwanga umeingia upande huu umetokea upande wa pili, tena mwingi tu, lakini picha hakuna. Kwa hiyo kupita unapita, tabu ni kwamba njiani umepotea, na utafiti wote wa hizo maabara ulizoziona, ukiuchambua, ni watu wanahangaika na huo mwanga uliopotea, wengine wanautupa na wengine wanautumia hivohivo.

Kwanza kwa nini wekundu. Himoglobini kwenye damu inameza sana bluu na kijani, urefu wa wimbi ukifika kama nanomita 600 kwenda juu (nanomita ni milimita moja uigawe kwa milioni) inaanza kuachia, ndo maana kinachotokea upande wa pili ni chekundu. Ukiendelea mbele zaidi, mwanga ambao jicho halioni, ukipita kama nanomita 950 maji ya mwilini nayo yanaanza kumeza. Baina ya 650 na 950 hivi pana upenyo ambao si damu si maji anayemeza sana, na vifaa vingi vya fani hii vinafanya kazi humo.

Lakini kumezwa si tatizo kubwa, tatizo kubwa ni kutawanyika. Nyama imejaa vitu vidogovidogo, viini vya seli, mitokondria, nyuzi za kolajeni, matone ya mafuta, kila kimoja kinapinda mwanga tofauti na majimaji yaliyokizunguka. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ikiingia kwenye nyama inakwenda kwa wastani kama sehemu ya kumi ya milimita tu ishagonga kitu. Kila ikigonga inapinda kidogo, na mingi ya migongano hiyo inaiacha inaelekea mbele bado, ila ikishafika milimita moja hivi imegonga mara nyingi mpaka haikumbuki tena ilikuwa inaelekea wapi. Eksirei haiko hivo, nyingi inayopita inapita imenyooka na iliyozuiwa na mfupa imezuiwa, ndo maana kivuli cha mfupa kinatoka kimekatika vizuri.

Hili unaweza kuliona kwa macho yako, na nakusihi ulifanye kwa sababu mtu akishaliona halisahau. Chukua glasi ya maji safi, tia matone mawili matatu ya tui la nazi, koroga, halafu mulika ubavuni kwa kile kitochi cha leza nyekundu cha kuonyeshea ubaoni (tahadhari usimulike macho ya mtu, na watoto wasikichezee kabisa). Utaona mstari wa leza umenyooka ndani ya maji. Ongeza tui kidogo kidogo. Mstari utaanza kunenepa mwishoni, halafu utakuwa kama mkia uliochanua, halafu mwisho glasi nzima inang'ara wekundu na hujui tena leza imeingilia wapi. Kijiko nyuma ya glasi kishapotea zamani. Na tui halina rangi nyeupe ndani yake, ni vitone vya mafuta ndani ya maji na hakuna kinachomeza mwanga wa kutosha, weupe wote ule ni mtawanyiko mtupu. Nyama yako ni hivohivo. Huko maabara za vyuo vikuu nao wanafanya jambo hilihili, wanachukua Intralipid, yale mafuta meupe ya kumdungia mgonjwa asiyeweza kula, wanachanganya na maji na wino kidogo wa kumeza mwanga, ndo mwili wao wa bandia wa kujaribia mashine kabla hawajamgusa mtu.

Sasa kundi la kwanza, wanaoutupa mwanga uliopotea na kubakiza ule mchache uliorudi bila kupotea. Hapa mfalme ni OCT, mashine ya kupiga picha ya nyuma ya jicho, labda ushaiona kliniki ya macho, mgonjwa anaweka kidevu anaangalia alama ndani na baada ya muda mchache inatoka picha ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imekatwa kama mtu kapitisha kisu, tabaka moja moja. Ilitangazwa mwaka 1991 na kina David Huang, Eric Swanson na James Fujimoto kule chuo kikuu cha MIT, Marekani, wakiwa na wenzao. Huang wakati huo alikuwa mwanafunzi kama wewe, anasoma udaktari na uhandisi pamoja.

Shughuli yao ilikuwa hii: ultrasaundi inapima kina kwa kuangalia mwangwi umechelewa kiasi gani, basi kwa nini tusifanye hivo kwa mwanga? Kwa sababu mwanga una mbio mno. Tabaka mbili zilizoachana mikromita 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, mwanga uliorudi kutoka moja na uliorudi kutoka nyengine unapishana kwa chini ya femtosekunde 100, yaani sekunde moja uigawe kwa trilioni kumi, hakuna saa ya umeme itakayopima hiyo. Wao wakaugawa mwanga mara mbili, nusu ukaenda jichoni nusu ukaenda kwenye kioo ambacho umbali wake wanaujua, halafu wakaukutanisha tena. Wakatumia mwanga wenye rangi nyingi zilizochanganyika, na mwanga wa namna hiyo haukubali kuingiliana na mwenzake ila pale njia zao mbili zikiwa na urefu sawasawa, ikizidi mikromita chache tu kimya. Kwa hiyo ukiona mawimbi yameingiliana unajua mwanga huu umerudi kutoka kina hiki na si chengine, na ule uliozungukazunguka kwenye nyama umechelewa, unaachwa nje wenyewe. Mimi kila nikilifikiria jambo hili naona ni katika kazi nzuri kabisa zilizofanywa na watu wa vifaa tiba, kwa sababu mgonjwa wa kisukari ambaye maji yameanza kujaa katikati ya retina, retina yenyewe unene wake kama robo milimita, daktari anaona umeongezeka kiasi gani kwa namba na anajua sindano ya dawa anayochomwa inafanya kazi au haifanyi.

Ila huo ni mwanga uliokwenda ukarudi bila kupotea, na huo ni mchache. Jichoni njia iko wazi, konea, lenzi, majimaji, vyote vinapitisha. Kwenye ngozi OCT hiyohiyo inaishia milimita moja au mbili basi. Ndo jibu la suali lako la figo: figo iko sentimita kadhaa ndani, mwanga unaofika huko na kurudi ushagongwa mara nyingi mno, ultrasaundi inakupa picha bora kwa bei ndogo na hapana haja ya kulazimisha.

Kundi la pili hawatafuti picha kali, wanaukubali mwanga uliopotea na kuuliza tu, umepungua kiasi gani na kwa rangi ipi? Kifaa chao unakijua, oksimita, kile cha kubana kidole. Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, ndo alileta wazo lake 1974. Taa mbili, moja nyekundu karibu na nanomita 660, nyengine ya 940 isiyoonekana. Himoglobini yenye oksijeni inaachia nyekundu ipite zaidi kuliko isiyo na oksijeni, kwenye 940 mambo yanageuka, kwa hiyo ukilinganisha unapata asilimia. Na kwa kuwa kidole kina ngozi, mfupa, mishipa yote, kifaa kinaangalia tu ile sehemu inayopanda na kushuka na mapigo, maana inayopiga ni damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Jamii yao nyengine inapima oksijeni ya ubongo kupitia kichwa, kwa watoto wachanga inafaa sana kwa sababu fuvu lao jembamba.

Na hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu ni jambo linalonigusa. Melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inameza mwanga, inameza nyekundu kuliko 940. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha oksimita na kipimo cha damu ya ateri, wakakuta wagonjwa weusi ambao kifaa kinasema oksijeni yao iko asilimia 92 mpaka 96 na kumbe damu inasema chini ya 88 walikuwa karibu mara tatu ya wazungu kwa uwiano. Mgonjwa anaonekana mzima kwenye skrini na hewa haimtoshi! Kifaa kimeanza miaka ya sabini na suali hili limekuja kutiliwa maanani na dunia juzi juzi tu. Kwa hiyo ukiwa wodini usiiamini namba peke yake, muangalie mgonjwa anavyohema, na kama namba na mgonjwa hawakubaliani muamini mgonjwa upime damu. Na kwetu kuna la ziada, bibi harusi au mama aliyetoka arusini vidole vimekolea piko nyeusi, hiyo inaweza kuuzuia mwanga kabisa au kuvuruga namba, hamishia sensa kwenye ndewe la sikio. Hina nyekundu ya kawaida haina tabu kiasi hicho.

Kuna kundi la tatu nalipitia haraka, wanapiga mwanga wa leza wa ghafla, damu inaumeza inapata joto dogo inatanuka na kutoa sauti, na sauti ndo wanaisikiliza, kwa sababu sauti haitawanyiki sana kama mwanga. Hao wanafika sentimita kadhaa. Nadhani kwa matiti na mishipa ina mustakbali mkubwa, lakini mashine bado ghali.

Sasa aanzie wapi mtu wa huku. Usidhani lazima uanze na leza ya mamilioni. Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyofanywa hapohapo kwenu Pemba, Isaac Bogoch na wenzake walichukua iPhone, wakabandika lenzi ya duara kama gololi ya milimita 3 mbele ya kamera kwa gundi ya utepe, wakaangalia slaidi za choo za watoto wa skuli. Mayai ya minyoo mikubwa ya tumboni yalionekana vizuri, kama 81 kwa mia ya walioambukizwa walipatikana, lakini kwa minyoo ya safura ilikuwa 14 tu. Hiyo 14 ndo ya kuisoma. Yai la safura lina ganda jembamba na linapitisha mwanga, halina utofauti na vilivyo pembeni yake, na lenzi ya duara inaona sawasawa katikati tu, pembeni picha inavurugika. Sasa mtu akiongeza utofauti kwa kumulika kutoka ubavuni badala ya chini, au lenzi bora, itapanda mpaka ngapi? Hilo ni suali la utafiti kamili na linafanyika kwa pesa kidogo. Kichocho ndo bora zaidi kuanzia, yai lake kwenye mkojo ni kubwa, zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita, na ule mwiba wake mkiani hukosei. Tena maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, ina wataalamu wa slaidi hizi kwa miaka mingi, jicho lao ndo la kulinganishia picha zako.

Kabla ya hapo jifunze Python kidogo, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ya kufungua picha na kusoma thamani za pikseli, na rudia hesabu za mawimbi za fomu sita usizichukie. Fanya lile jaribio la tui kwa simu iliyofungwa pahala pamoja, zima marekebisho ya mwanga ya kamera yenyewe maana itakudanganya, pima mng'aro unavyoshuka kila milimita kutoka leza inapoingilia, kwa tui la vipimo tofauti, chora grafu. Hapo tayari unafanya vilevile wanavyofanya kundi la pili.

Ukifika pa kugusa mkojo au choo cha mtu, hata kama ni wa ndugu yako, simama kwanza upate kibali cha maadili, huku kwetu kinatoka ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar, na mwalimu wako chuoni lazima awe kwenye maombi. Anza kuandika mapema, na kwenye maombi eleza wazi picha zitawekwa wapi na nani ataziona, kwa sababu picha ya simu inasambaa upesi kuliko slaidi ya kioo.