Swali la Lugha: Alifukua, alivumbua au aligundua?

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa Nakuru. Tulipotoka ziara ya Hyrax Hill, niliwapa wanafunzi insha kuhusu kazi aliyoifanya mwanaakiolojia Mary Leakey kilimani pale mwaka 1937 na 1938. Mmoja akaandika kwamba "alibuni makaburi ya kale", wengine "aliyavumbua", wengine "aliyagundua", na mmoja "aliyafukua". Mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba kufukua ni kwa maiti pekee, tena ni neno la mkosi. Nimsahihishe nani?

JIBU: Mwalimu, wa kusahihishwa bila shaka ni yule wa kwanza. Kubuni ni kutunga au kuunda kitu ambacho hakikuwapo, ndiyo maana tunasema hadithi ya kubuni. Makaburi yale yalikuwapo miaka mingi kabla Mary Leakey hajazaliwa. Wengine wote wana haki yao, ila kila mmoja amesema jambo tofauti.

Nianze na fukua, kwa kuwa ndilo linaloonewa. Magazeti yetu hulitumia sana mahakama inapoamuru maiti itolewe kaburini, na sikio limezoea kulisikia huko. Lakini fukua ni pacha wa fukia. Tunafukia shimo, tunafukia taka, tunafukia mbegu. Ukiuondoa udongo ule, umefukua. Hiyo ni kauli ya kutendua, kama ilivyo kwa funika na funua, bandika na bandua, anika na anua. Kitenzi hiki hakijali kama kilichofunikwa ni mfupa, chungu au shoka la jiwe. Kinachotakiwa ni udongo uwe ulikuwa juu yake na mtu awe ameuondoa. Hiyo ndiyo kazi iliyofanyika Hyrax Hill kwenye makaburi ya wafugaji wa kale, na mwanafunzi wako ameitaja kwa jina lake hasa. Angeandika "alichimba makaburi" ndipo ningeshika kalamu nyekundu, kwa sababu anayechimba kaburi anaandaa mahali pa kuzika.

Vumbua nalo ni la ukoo huo huo. Kuvumbika ni kufunika kitu, kama vile matunda, ili kiive. Wahenga walisema mvumbika changa hula mbovu. Kuvumbua basi ni kukitoa kilipofichwa, na maana hiyo imepanuka ikafika kwenye mambo yaliyofichikia akili, si macho tu. Siku hizi wengi humwita mvumbuzi hata mtu aliyeunda mashine mpya, na nadhani ndipo mwanafunzi wako alipopotelea: akaona mvumbuzi na mbunifu ni mmoja, basi vumbua na buni vibadilishane. Mimi ningependa mwenye mashine aachiwe kubuni, ili vumbua libaki na kazi yake ya kufichua.

Gundua halihitaji jembe kabisa. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mtafutaji wa mabaki ya kale, alikuwa akitembea karibu na mto Nariokotome, Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu kilicholala kwenye changarawe, rangi yake ikikaribiana na ya mawe yaliyokizunguka. Hapo aligundua. Baadaye kundi zima la watafiti likafukua, likapata sehemu kubwa ya mifupa ya kijana tunayemwita Mvulana wa Turkana, aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita. Vitenzi viwili, kila kimoja kwa zamu yake, na ukivipindua unaharibu habari.

Lakini gundua lina swali lake gumu, nalo ndilo ningependa walivalie njuga darasani: ni nani ambaye hakujua? Chukua Thimlich Ohinga kule Migori, yale maboma ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kuta nyingine zikizidi mita 4. Mwaka 2018 yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mtu akiandika kwamba "yaligunduliwa" anakosea vibaya. Vizazi kwa vizazi vimeishi humo, na jina lenyewe ni la Kidholuo. Yaliorodheshwa, au yalitambuliwa rasmi. Hayakugunduliwa.

Nyayanga, rasi ya Homa, inatupa funzo zuri zaidi. Watafiti walikuwa wakifanya kazi Kanjera, jirani na hapo, na mwenyeji aliyefanya kazi nao ndiye aliyewaelekeza mahali ambapo mifupa na mawe yaliyochongwa yalikuwa yakijitokeza ardhini kwa mmomonyoko. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2023, zana zile zilikadiriwa kuwa na umri wa miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Sasa andika sentensi yako kwa uangalifu: mwenyeji aliwaonyesha, watafiti wakafukua, kisha wakagundua umri wa zana zile. Kilichokuwa hakijulikani kwa mtu yeyote ni umri, basi umri ndio uwe shamirisho ya gundua. Na hapa buni linapata mwenyewe: ni wale viumbe wa kale walioligonga jiwe kwa jiwe hadi likatoa makali.

Kwa hiyo, Mwalimu, aliyeandika "aliyafukua" mpe alama zote, na hao wa "aliyavumbua" na "aliyagundua" usiwakate. Ila ukikuta kwenye insha mahali palipoandikwa kwamba Mary Leakey "aligundua Hyrax Hill", hapo kata: Louis Leakey, aliyekuja kuwa mumewe, alikuwa ameshapatambua kuwa mahali pa kale tangu 1926, na watu wa Nakuru walikijua kilima chao kabla ya hapo.